Chuo, fidla au ajira: kipi kinaweza kusubiri?

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mpwa wangu wa kike alipanda boti Mkoani, Pemba, akashuka Malindi ya Unguja, akaja kwangu Kikwajuni na begi moja la nguo na sanduku la fidla. Nilikuwa nimetoka kazini, nimekaa barazani. Aliniamkia, akakaa, akanywa maji, halafu akasema, "Mjomba, nimekuja unisaidie kuchagua. Nimefikiri peke yangu mpaka kichwa kinauma."

Ana njia tatu mbele yake. Alama zake zinamfikisha chuo kikuu, na mwenyewe ana hamu ya kusoma Kiswahili. Mama yake anataka asome diploma ya uuguzi, apate kazi mapema. Na kuna fidla, aliyoianza akiwa na miaka kumi na mbili kwa mzee mmoja pale Wete, na anaipiga vizuri kuliko nilivyokuwa nikipiga mimi katika umri wake.

Dada yangu alikwisha kunipigia simu tangu asubuhi. "Kaka, wewe anakusikiliza. Mwambie asome uuguzi. Fidla haimtibu mtu."

Mimi ni karani wa hesabu serikalini, mwaka wa kumi na saba huu, na usiku nimo katika kikundi cha taarabu. Nimeonja mshahara na nimeonja jukwaa. Najua wako vijana wengi Unguja na Pemba waliokaa na njia tatu kama hizi, wala hawana mjomba aliyepita kote kuwili, ndiyo maana nayaandika hapa yale niliyomwambia.

Mama huuliza: kipi kina uhakika? Kijana huuliza: kipi nakipenda? Maswali yote mawili ni ya haki, ila yakikutana sebuleni huzaa ugomvi kabla ya kuzaa jibu. Mimi huanza na swali jengine: katika hivi vitatu, kipi kinaweza kusubiri?

Kinachosubiri na kisichosubiri

Chuo kinasubiri, kwa kiasi kikubwa. Ofisini kwetu wapo walioingia na cheti tu, wakapata diploma baada ya miaka kadhaa kazini, wakahitimu shahada wakiwa na watoto wawili nyumbani. Na siku hizi chuo kiko mlangoni. Katika ujana wa baba yangu, aliyetaka shahada ilimbidi avuke bahari. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilifunguliwa Tunguu mwaka 1998, sheria ya kuanzisha SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ikapitishwa 1999, na leo SUZA peke yake ina Tunguu, ina skuli ya afya Mbweni, ina utalii Maruhubi, na kwa watu wa Pemba iko kampasi ya Mchangamdogo.

Lakini nina tahadhari mbili. Masomo ya sayansi hayasubiri vizuri. Aliyefaulu kemia na baiolojia akakaa miaka minne bila kugusa daftari, atarudi akiwa kama mgeni. Anayetaka udaktari, uhandisi au ufamasia aende sasa. Tahadhari ya pili inawahusu wasichana, na nataka kuisema waziwazi: msichana akiambiwa "subiri mwakani," mara nyingi mwakani anaolewa, na baada ya hapo shauri la chuo linahamia kwa mume na wakwe. Wapo waume wanaowasomesha wake zao, Mungu awabariki. Hata hivyo mzazi anayemwambia binti yake asubiri ajue anamwambia nini.

Ajira nayo ina tabia yake. Nafasi za serikali huja kwa mawimbi. Zinapotangazwa, unatakiwa uwe na cheti mkononi siku hiyo. Usipokuwa nacho, wimbi limepita. Na cheti peke yake hakitoshi. Binamu yangu alikaa miaka minne na shahada yake ya utawala akiendesha bodaboda kabla hajaitwa kwenye usaili. Wakati huohuo kijana wa jirani yetu, aliyefeli kidato cha nne, alikwenda kituo cha mafunzo ya amali Mwanakwerekwe akajifunza viyoyozi na mafriji, na tangu amalize sijamwona hata wiki moja hana kazi. Hoteli za Nungwi na Paje haziwezi kukaa siku mbili na kiyoyozi kibovu. Tunapotaja "kazi ya uhakika" tunamfikiria mtu aliyekaa nyuma ya meza, na fundi tunamsahau. Pemba nako kipo kituo cha Vitongoji, na mzazi wa Chake akitaka uhakika aanzie hapo kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya shahada.

Sasa sanaa. Umaarufu katika sanaa unaweza kusubiri muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyeanza akiwa mfinyanzi wa Fumba, aliyezaliwa karibu mwaka 1880, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, anakaribia miaka hamsini. Muhammed Said Abdulla, mwandishi tunayemjua kwa Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi zake, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alianza kazi Idara ya Afya akiwa mkaguzi, akaingia kwenye magazeti, na hadithi yake ya kwanza ndefu ikashinda mashindano ya mwaka 1957 na 1958, yeye ni mtu wa miaka arubaini hivi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa hapa mwaka 1948. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na wakati huo na miaka mingi iliyofuata alikuwa akifundisha chuo kikuu Uingereza. Tuzo ya Nobel ikamfika mwaka 2021, ameshastaafu.

Watu hawa hutajwa sana kuwafariji vijana, kwamba hujachelewa. Ni kweli, ila tuangalie walifanya nini katika miaka ya kungoja. Siti aliimba usiku hadi usiku. Muhammed Said aliandika. Umaarufu ulisubiri, mazoezi hayakusubiri.

Na hapa sanaa zenyewe hazilingani. Anayeandika hadithi au mashairi anaweza kuweka kalamu miaka mitatu, akairudia akiwa ameona mengi zaidi, na pengine akaandika vizuri zaidi. Mpiga fidla hawezi. Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilipangiwa kazi nje ya mji, mbali na kikundi, na fidla nikaitundika ukutani miaka mitatu. Niliporudi, vidole vilikuwa vizito na sikio lilikuwa linapitwa. Ipo bashraf moja, kipande cha ala bila kuimba, niliyokuwa naipiga nikiwa na miaka ishirini na mbili bila kufikiri, na mpaka leo sijaipata tena kama vile. Nilimwambia mpwa wangu hivyo nikiwa nimeishika fidla yake, na nilitaka asikie uchungu wake, maana hakuna aliyeniambia mimi.

Mfukoni

Mshahara wa serikali unajulikana, na huo ndio utamu wake. Kima cha chini kilitoka shilingi 150,000 kikawa 300,000 mwaka 2017, kikafika 347,000 mwaka 2022. Hutajenga ghorofa kwa pesa hiyo, lakini duka la mtaani litakukopesha kwa sababu wanajua tarehe. Unachangia ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, na siku ya kustaafu kuna kitu. Kwa msanii asiyechangia popote, uzeeni kuna pensheni jamii, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, dunia nzima ikamshangilia, naye bado alikuwa mtu wa hina na unyago aliyeishi maisha ya kawaida kabisa mpaka alipofariki Aprili 2013. Makofi ya ulaya hayageuki kuwa paa la nyumba.

Pesa ya muziki hapa kwetu ina majira yake, na anayetaka kuila lazima aijue kalenda. Harusi hujaa baada ya Idi. Ramadhani ala zinanyamaza, na ndivyo inavyopasa. Masika yakiingia, hoteli nyingi za pwani hufunga au hubaki na wageni wachache, na mpigaji wa hotelini hupumzika bila malipo. Kuanzia Juni mambo hufunguka tena. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, tangu 2004, nafasi nzuri kwa wachache wanaochaguliwa. Ukihesabu vizuri, msanii ana miezi kama saba ya kuvuna na mitano ya kula akiba. Rafiki yangu mmoja, mpiga udi hodari kunishinda mimi mara kumi, aliacha kazi ya duka akaingia muziki moja kwa moja. Aliishi vizuri miaka sita. Ilipokuja korona 2020 na ndege zikaacha kutua, aliuza udi wake wa pili, kisha baiskeli. Alirudi kwenye muziki na bado yumo, na ukimuuliza anasema hajutii. Namwamini. Ila hakuwa na mtoto wakati ule, na mwenyewe husema hilo ndilo lililomwokoa.

Kuna jambo moja vijana hawaambiwi: katika muziki, kupata kazi ni jambo moja na kulipwa ni jengine. Kikundi chetu kiliwahi kupiga katika hoteli moja ya pwani miezi mitatu, kila Jumamosi, kwa maneno ya mdomo. Meneja akabadilishwa, mpya akasema hajui lolote, na hatukuwa na karatasi. Gari tulikodi kwa pesa zetu. Tangu siku hiyo hatuondoki mjini bila mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na nusu ya malipo mkononi. Anayetunga nyimbo zake asajili kazi COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ni ya 2003, ipo kwa ajili yake, na asipojiandikisha hakuna atakayemtafuta kumpa mirabaha.

Shahada, kwa upande wa mfuko, ni deni kabla ya kuwa faida. Mkopo unarudishwa. Na kwa mtoto wa Pemba anayekuja Tunguu gharama kubwa ni chumba, nauli ya kila siku, na chakula, maana ada mkopo unaweza kuibeba. Nimeona vijana wenye akili wakirudi kwao mwaka wa pili kwa sababu ya kodi ya chumba. Familia ikikaa kupanga, ianze hapo.

Saa za kazi

Watu hulinganisha mishahara na kusahau kulinganisha saa. Kwa mtu mwenye sanaa, hapa ndipo mambo yanapoamuliwa.

Vilabu vyetu vya taarabu vilijengwa na watu waliokuwa na kazi nyengine. Ikhwani Safaa ilianza 1905, Culture Musical Club 1958, na desturi iliyovibeba ni ya mtu kutoka kazini kwake, kuoga, kuswali, kisha kwenda klabu. Kwa hivyo kuwa na ajira na sanaa pamoja si aibu wala si kushindwa. Ni njia ya wakubwa zetu. Tatizo ni kuwa si kila ajira inaiachia sanaa nafasi.

Ukarani kama wangu unaanza saa moja na nusu asubuhi na saa tisa na nusu mlango umefungwa. Jioni yote ni yangu. Naichosha akili, lakini mikono narudi nayo mizima.

Uuguzi ni kazi ya heshima kubwa, na najua dada yangu anaitakia nini. Mumewe alipolazwa, muuguzi mmoja mdogo ndiye aliyekuwa akimweleza kila kitu kwa upole wakati wengine wanapita. Anataka binti yake awe mtu yule. Lakini uuguzi una zamu: asubuhi wiki hii, usiku wiki ijayo. Kikundi kinafanya mazoezi siku zilezile kila wiki, na anayekosa nusu ya mazoezi baada ya mwaka hupewa kiti cha nyuma, kisha hupoteza kiti. Uuguzi na uandishi vinakaa pamoja. Uuguzi na fidla ya kikundi vinagombana.

Hoteli inaonekana kama iko karibu na muziki, kwani muziki unapigwa humohumo. Ni mtego. Msimu wa wageni ndio msimu wa maonyesho, na ndio msimu ambao hoteli haimpi mfanyakazi wake ruhusa. Utakuwa unabeba sahani huku wenzako wako jukwaani hatua kumi kutoka kwako. Nimelishuhudia hilo kwa kijana mpiga dumbak, ngoma ya taarabu, na macho yake sijayasahau.

Ualimu una mchana mfupi na likizo, ingawa madaftari hukufuata nyumbani na skuli zenye mikondo miwili zinaweza kukupa zamu ya mchana. Bado, katika ajira zote ninazozijua, ualimu na ukarani ndizo zinazoelewana zaidi na ala. Ufundi unaelewana na sanaa kwa saa, maana unajipangia mwenyewe, lakini mpiga ala aogope kazi zinazokata na kuponda vidole. Ufundi wa umeme sawa. Kuchonga mawe, hapana. Uchongaji wa milango ni jambo jengine kabisa, huo wenyewe ni sanaa yenye mnunuzi, na kama mpwa wangu angekuwa na mkono wa patasi huenda makala haya yasingehitajika.

Nyumbani wanasemaje

Sitapita hapa mbio, ijapokuwa ni rahisi kupita. Kwa watu wetu wengi, binti kupiga muziki mbele ya watu ni jambo zito. Siti mwenyewe alitukanwa kabla ya kuheshimiwa. Mpwa wangu anaswali, anajistiri, na hataki kuchagua baina ya dini yake na ala yake. Nilimwambia heshima ya mwanamuziki hapa hulindwa na mambo madogo: unatoka na nani, unarudi saa ngapi, kikundi chako kina wanawake wangapi, na familia inakijua au haikijui. Nilimwalika mama yake aje akae kwenye mazoezi yetu usiku mmoja, ajionee. Shahada inasaidia hapa kwa njia isiyoandikwa popote: binti mwenye shahada anaposema "naenda mazoezini," watu humsikiliza tofauti. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Tulipofikia

Tulikaa barazani mpaka adhana ya isha. Tuliporudi ndani nilimwambia ninavyoona. Kwake yeye, mwenye ala na si kalamu, fidla haiwezi kusubiri hata mwaka mmoja, kwa hivyo ipangwe kwanza na mengine yaizunguke. Uuguzi nauondoa kwa sababu ya zamu, na nitabeba lawama ya dada yangu. Muziki peke yake bila kazi siupendekezi kwa mtoto ambaye nyuma yake hakuna nyumba ya kupangisha wala duka. Shahada ya ualimu, kwa Kiswahili anachokipenda, inampa cheti cha kuajiriwa, inamweka mjini miaka mitatu karibu na vikundi, na jioni anaweza kujifunza zaidi katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho tangu 2002 kimewafundisha vijana wetu wengi kusoma noti, jambo ambalo mimi sikulipata.

Alinisikiliza, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na nikimaliza, mjomba, wakinipangia skuli ya Micheweni? Kule hakuna kikundi."

Sikuwa na jibu la kumfariji, kwani ndilo lililonikuta mimi. Nilimwambia atafute wapiga ala popote atakapopelekwa, hata wawili, na kama hakuna, afundishe watoto wa skuli mpaka wapatikane. Mimi sikufanya hivyo. Alinyamaza muda mrefu. Alisema anaihesabu hatari hiyo, na kwamba anataka siku mbili zaidi kabla ya kujaza fomu.

Usiku ule nilimpigia dada yangu nikamweleza yote, pamoja na la uuguzi. Nilitegemea tutagombana. Alikaa kimya, nikasikia jiko linavuma nyuma yake, halafu akauliza jambo moja tu.

"Atalala wapi?"

"Kwangu," nikamwambia. "Chumba cha uani. Nishaanza kukitoa vitu."